Pancha

Kwenye ratiba lina jina refu, lina herufi na nambari.
Sisi tuliliita "Kusimama",
maana kusema hakuna aliyekuja kufundishwa,
kusema tumetoka nako makwetu.
Kusimama ndiko kulikotutia joto.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Tunguu.
Feni moja inazunguka, ya pili inafikiri.
Mwalimu Nassra Shoka anavua saa yake ya mkononi,
anailaza mezani, uso juu.
"Dakika tatu. Utangulizi, kiini, tamati.
Na tazameni watu, msitazame dari.
Dari haikujiandikisha somo hili."

Haroub alikuja na tai ya ami yake.
Akasema "mustakabali", akasema "mustakabali" tena,
mkono mmoja hewani kama anasimamisha gari;
tukampigia makofi, hatujui kwa lipi.
Bishara aliandika hotuba nzima kiganjani,
jasho likaifuta, likamwachia "ndugu zangu" tu.
Akatuita ndugu zake mara nne,
akaketi, akalia ndani ya mtandio.

"Mize Faki Kombo."

Nilikuwa na mkoba wa ukili.
Ndani: beseni, chupa mbili za maji,
mpira wa ndani wa baiskeli, kipande cha msasa,
gundi, na kiraka alichokikata baba, Konde,
akakikunja katika gazeti
akampa abiria wa boti asiyemjua.

Nikasimama. Nikafungua kinywa.
Pakatoka hewa.
Hewa tupu, fyuu, ile ile niliyoizoea,
ya tairi linalokata tamaa njia ya Makangale.

"Kwanza," nikasema, "unapitisha nkono..."

Wakacheka. Safu ya nyuma ikalirudia: nkono, nkono.
Sikuwa na hasira, nilikuwa na hesabu:
ukisema "mkono", midomo lazima ifungwe kwanza.
Sisi kule tunaiacha wazi.
Sasa nani kati yetu anayejua kufungua kinywa?
Lakini hilo nililiwaza usiku, dahalia, kitandani.
Pale pale nilikuwa na magoti tu.

Baba si msemaji. Mteja akiuliza pancha iko wapi
humjibu: "Mpira haukwambii. Utie majini."
Basi nikamimina maji. Nikautia mpira.
Nikauzungusha pole pole, shibiri kwa shibiri,
na kicheko kikawa kinapungua, sijui kwa nini,
mpaka mapovu yakapanda, madogo, mfululizo,
pahala pamoja.
"N'do hapa," nikasema.
Haroub akanyanyuka kitini kutazama.

Nikafuta, nikasugua, nikapaka gundi.
"Dakika tatu," akasema Mwalimu.
"Gundi haijakauka, Mwalimu.
Ukibandika mbichi, kesho baiskeli unaisukuma."
Akaitazama saa. Akaigeuza, uso chini.

Tukangoja.
Watu arubaini na mmoja, feni moja, harufu ya gundi.
Sikuwa na neno la kusema, wala sikulitafuta.
Nilisimama mbele yao, vidole vyeusi,
nikawatazama mmoja mmoja, hata Bishara,
macho yake mekundu bado, naye akanitazama.
Dari sikuikumbuka.
Nikaigusa gundi kwa ncha ya kidole.
Nikabandika.

Karatasi ilirudi Ijumaa:
"Umezidisha muda. Tamati haipo."
Alama kumi na mbili kwa ishirini.
Na chini kabisa, kwa penseli,
kama si yeye aliyeandika:
"Baiskeli ya mwanangu, gurudumu la nyuma. Jumamosi unakuwepo?"

Nikaandika papo hapo, nimesimama:
Nipo. Maji aje nayo, dahalia yamekatika.