Kilele cha Kumi na Tisa

Gunia lilishuka Mwembe Tayari na basi la alfajiri,
limeshonwa kwa kamba ya katani, limeandikwa kwa makaa:
MGHOI, WUNDANYI. MAUA. MSILALIE.
Mpakizi akaziba pua. "Dada, humu mna maiti ya nini?"
Bangi mwitu, nikamwambia. Si ile unayoijua wewe.
Hii haivutwi. Hii hung'olewa mahindini
na kutupwa kando ya njia, mizizi ikitazama juu.
Ng'ombe akiila, maziwa hunuka,
na mwenye ng'ombe hutukana hadi jioni.

Maabara yetu iko Tudor, ghorofa ya pili,
dirisha moja limekwama tangu masika ya mwaka juzi.
Nilipima gramu mia sita, maua na majani mabichi,
nikatia kwenye chupa yenye tumbo, maji juu, moto chini.
Kisha kungoja.
Mvuke hupanda umebeba kitu usichokiona,
hupita shingo ya kioo, hukutana na baridi,
hulia.
Maji yakaenda zake. Juu yakabaki mafuta,
manjano kama maji yaliyooshea bizari:
gramu mia sita za matusi ya wakulima,
mililita tatu.

Harufu yake? Chungwa lililosahauliwa mfukoni mwa kanzu,
na chini yake kitu kikali,
kama rangi ya viatu juani.

Mamangu, huko Kibokoni, hutunga vikuba.
Asmini, rehani, kipande cha mkadi,
uzi hukata kwa meno.
Nilimpelekea tone moja kwenye pamba.
Hakuinusa mara ya pili.
"Hii ni ya kufukuzia, mwanangu.
Itoe nje kabla maua yangu hayajaisikia."
Hakukosea. Viluwiluwi vya mbu bakulini kwetu
vilikuwa vimelala chali tangu saa sita.

Mashine ya kuchambulia tunaipata kwa zamu.
Siku yetu Jumanne, umeme ukitaka.
Ndani yake mna bomba jembamba kama unywele,
mita thelathini, limezongwa kama ukindu kabla ya kusukwa.
Mafuta huingia kundi,
hutoka mmoja mmoja, kila mmoja na dakika yake,
na karatasi huchora vilele.

Wa kwanza kumtambua, limonini:
huyo yumo kwenye ganda la kila ndimu pale Marikiti.
Dihaidrotajetoni, jina refu kama hati ya shamba la urithi.
Tajetoni wawili, pacha, atomi zilezile,
ila mmoja amegeuza bega.
Na katikati yao, mrefu kuliko wote,
asilimia arubaini na moja:
osimeni.

Nikafungua kitabu cha majina.
Osimeni amepewa jina kwa ajili ya mrehani.
Mrehani! Wa kikuba, wa mto wa bi harusi.
Jina la watu wema limewekwa rehani kwa gugu.

Nikampigia simu. "Mama, ile uliyoifukuza,
karibu nusu yake ni ukoo wa rehani yako."
Kimya. Nikasikia mkasi ukiwekwa sinia.
"Na nusu nyingine?"

Nikamsomea. Kwenye dihaidrotajetoni akanisimamisha,
akalirudia polepole, akalikosea, akalirudia tena,
kama anavyotaja mkwe aliyevunja nyumba.
"Huyo. Huyo ndiye aliyeharibu."

Sikumwambia habari za kilele cha kumi na tisa.
Nukta saba ya asilimia. Kitabu hakimjui.
Amekaa peke yake dakika ya thelathini na moja,
mfupi, kama msumari ulioachwa ukutani
baada ya picha kuondolewa.
Mwadime, mkubwa wangu, husema:
andika "haijatambulika", uendelee.

Nimeandika.

"Kesho niletee tena ile pamba," mama alisema
kabla ya kukata simu.
"Lakini uiache mlangoni."