Upande wa Nne

Kuta tatu zilisimama kabla ya mvua za Novemba.
Upande wa nne ukabaki wazi, kama kinywa cha mtu
aliyesahau alichotaka kusema.
Ndani: pikapu, madumu kumi na moja ya asali ya Sikonge,
na nyuki wa Cheyo nzima
wakija kudai chao.

Betri iliibwa Jumanne.
Ijumaa nikaita mafundi.

Wa kwanza alikuja na picha kwenye simu:
shata la kukunja, linapanda lenyewe kwa kitufe,
linang'aa kama jino la dhahabu.
Nikamuuliza, umeme ukikatika?
Akacheka. Nami nikacheka.
Tukaagana kwa amani.

Wa pili, Kasubi, seremala wa Ng'ambo,
alisema mninga, mbawa mbili, bawaba sita,
mlango ambao wajukuu watagombea kuurithi.
Tukaufungua hewani, yeye kushoto, mimi kulia.
Tulipouvuta ndani, wangu ukagota kwenye bampa.
Tulipousukuma nje, wake ukatumbukia mtaroni.
"Basi tuusogeze mtaro," akasema.
Mtaro wa manispaa, Kasubi!

Usiku nikapima mwenyewe, kwa futi ya cherehani
inayoishia sentimita mia na hamsini.
Nikatia alama ya chaki, nikaanza upya.
Sakafuni: mbili na themanini na tano.
Chini ya linta: mbili na themanini na moja.
Nani alijenga ukuta huu akiwa amelewa?
Msimamizi nilikuwa mimi.
Na mimi sinywi.

Wa tatu ni Nshoma, fundi wa kuchomelea,
miwani myeusi kichwani, kovu la cheche kwenye kiwiko.
Hakutazama uwazi. Alichuchumaa
akachota mchanga uliokuja na maji ya barabarani,
akausugua kati ya vidole kama mtu anayeonja unga.
"Ukiweka reli chini, Januari utakuwa unachimba.
Tundika juu. Uteleze ubavuni mwa ukuta,
kama mlango wa behewa la mizigo."

Nikanyamaza.
Hakujua kwamba marehemu wangu
alikuwa breki-mani, miaka ishirini na miwili,
Tabora hadi Mpanda, Mpanda hadi Tabora.
"Bei?" nikauliza, maana kitu fulani lazima niulize.

Jumamosi wakaja wanne.
Drili ikakuta nondo ndani ya linta, ikalia kama mbuzi.
Magurudumu yalichelewa, yalikuwa kwenye basi la Mwanza
chini ya magunia ya dagaa, na hadi leo
ukiyakaribia mchana wa jua utajua.
Watoto wa jirani tuliwakataza kutazama moto.
Wakautazama kupitia tundu za vidole.
Saa tisa mlango ukaning'inia,
wima kabisa, mnyoofu, mtu wa haki,
na ukuta pembeni yake ukaonekana ulivyo.
Sentimita nne za aibu, kutoka juu hadi chini.

Nshoma hakusema neno.
Akachana mpira wa ndani wa tairi la pikapu,
akaupigilia kwenye pengo, mkunjo kwa mkunjo.
Nyuki wakaja wakausoma mpira ule
herufi kwa herufi.
Wakarudi walikotoka.

Walipoondoka wote nikausukuma kwa mkono mmoja.
Ukanguruma juu ya kichwa changu,
taratibu, kisha kwa kasi yake wenyewe,
ukafika mwisho ukagonga: ndii.
Behewa lisilogonga, alikuwa akisema,
halijafungwa.
Nikaufungua. Nikaufunga.
Nikaufungua tena, bila sababu yoyote,
mkono ukinuka grisi na asali.

Mara ya tano au ya sita
Mama Mlekwa akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua:
"Jamani, treni gani hiyo saa hizi?"

Nikamjibu: ya mizigo.