Bado

Ripoti ya kufunga shule ilikuja na doa la mafuta ya maandazi
na maneno mawili ya wino mwekundu: Hana bidii.
Nilikuwa nimeshasomewa na jirani, Mzee Kihiyo,
lakini nikamwambia Hizza, haya, nisomee.
Akasogeza kidole, ulimi nje kidogo
kama mtu anayetunga uzi sindanoni.
Hana didii, akasema.
Kisha: bibii.
Kisha akanitazama usoni, akilitafuta neno huko.

Mimi fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Mpira ukitoboka siupigi kofi.
Nautia majini karaini, naukamua polepole,
nangoja povu linionyeshe pa kuweka kiraka.
Mwanangu nilimpiga kofi.
Naliandika hili hapa
kwa sababu hakuna ripoti nyingine litakamoandikwa.

Shule ilipofunguliwa nikafunga banda,
nikaenda, mikono nyuma kwa aibu ya grisi.
Mwalimu Mwanamkuu alikuwa mgeni;
mwenye wino mwekundu alikwisha kuhamishiwa Pangani.
Akafungua kitabu, ukurasa wa mwanamume na jembe.
Hizza akasoma: Dada analima.
Darasa likacheka, nami nusura.
Mwalimu hakucheka. Akanigeukia mimi:
"Na wewe, baba, ulipokuwa mdogo?"

Mimi.
Mimi ninayejua bei za spea zote kwa kichwa
kwa kuwa daftari linanichosha.
Mimi ninayewaambia wateja miwani nimeisahau nyumbani,
na nyumbani hakuna miwani.
Pale pale povu likatoka.

Jioni tukakata waya mkuukuu wa breki.
Duara moja, mti mmoja.
Mti ukitangulia, b. Mti ukifuata, d.
"Ni herufi ileile, baba, imegeuka tu.
Baiskeli ukiipindua si bado ni baiskeli?"
Nikakosa jibu, na hadi leo sina.
Kikombe ukikigeuza ni kikombe,
koleo ni koleo, kobe maskini ni kobe.
Herufi tu ndizo zenye kiburi hicho.

Mikono tulipewa na mwalimu:
kunja ngumi, dole gumba juu, zitazame.
Mkono wa kulia dona, huo ni d.
Unaobaki ni b.
Tangu hapo Hizza akikaa kula huinua ngumi zote mbili,
na bibi yake huitikia amina.

Usidhani yalikwenda kama mteremko.
Wiki ya tatu alilia, akautupa waya mtaroni,
tukautafuta kwa tochi ya simu, mimi na yeye, kimya,
mbu wakitusoma miguu bila kukosea.
Siku nyingine alilisoma neno asubuhi
na saa sita limemtoroka.
Karibu na stendi kuna kibao: Dafu baridi.
Akasimama, akakisoma kwa sauti ya tajiri:
Bafu daridi!
Mwenye madafu akasema, hapa hatuogi, mjukuu wangu,
akamkatia moja bure.
Akalinywa lote. Akafuta mdomo. Akakitazama tena kibao.
"Aa. Wewe ni dafu," akakiambia.

Jana Mzee Kihiyo kaleta baiskeli, rimu imepinda.
Akauliza, kama wanavyouliza watu, mtoto akiwa palepale:
"Vipi, huyu ameshajua kusoma?"
Nikafungua mdomo. Hizza akanitangulia.
Hakusema kitu. Alichukua chaki ninayowekea alama njiti,
akachuchumaa, akaandika sakafuni herufi nne,
ya tatu akaifuta kwa kisigino, akaiandika upya.
Kisha akaninyooshea chaki, mimi, si mzee.

Niliziingiza ngumi mifukoni wasizione.
Ya kushoto kwanza.
Ya kulia.
Nikasoma.