Kwa Magego Yangu Matatu

Nawaandikia ninyi mliolala
kwenye kopo tupu la dawa ya viatu, juu ya kabati,
kwa sababu mlihukumiwa bila ushahidi
na hakimu nilikuwa mimi.

Wewe wa kwanza ulitolewa Tukuyu, mvua ikinyesha.
Nilimwonyesha daktari wa meno kwa mbali, kidole kisiguse:
hapa. Akavuta.
Nikatema damu, nikashukuru, nikapanda gari,
na kabla hatujafika Isongole umeme ukapiga tena,
kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo,
njia ile ile, kana kwamba hajaondoka mtu.

Wa pili ulifuata kabla ya Pasaka.
Wa tatu, ulikuwa mzima kama punje ya hindi bichi.
Aliyekung'oa alikugeuza kwenye koleo,
akanitazama, akanyamaza.

Miaka miwili sikunawa shavu la kushoto.
Upepo wa huku mnaujua,
unateremka Rungwe alfajiri na baridi yake mfukoni.
Nilijitanda kitenge hadi machoni;
darasa la tatu wakaniita Mwalimu Ninja.
Nikafundisha kwa chaki tu,
maana kila neno la kufumba midomo lilichoma:
mama, embe, mbuzi.
Ambakisye alinikorogea uji mwepesi, nikaunyonya kwa mrija.
Mkwe wangu alisema ni umbea wangu umenirudia.

Kisha Mbeya, hospitali ya rufaa.
Daktari kijana, binti wa akina Tweve,
alichungulia kinywani, akauliza kwanza habari zenu:
"Haya yalikukosea nini?"
Akaniingiza kwenye mashine inayogonga kama fundi bati.
Picha ikaonyesha kitu cha ukubwa wa njegere
kimeegemea mshipa wa fahamu, ndani, nyuma ya sikio.
"Si saratani," akasema. "Ni uvimbe mpole."

Mpole!
Nilicheka, na kicheko kikaniunguza uso mzima.

Vidonge viliupunguza umeme,
ila nikayumba kama niliyeamkia kimpumu,
nikamwita Tulinagwe kwa jina la marehemu dada yake.
Tukauza ng'ombe wawili, tukashuka Dar.
Walifungua mfupa, wakamenya walichoweza;
kipande kilichong'ang'ania mshipa wakakiacha.
Tutakuwa tunakichungulia kila mwaka,
kama mpangaji asiyeaminika.

Leo nimenawa kwa maji ya bombani, pande zote mbili.
Kushoto pamekufa ganzi kidogo,
shavu ni kama nimeazimwa.
Nimesimama barabarani bila kitenge, upepo ukapita
na shughuli zake.

Nikanunua hindi la kuchoma.
Nikalitafunia kushoto, makusudi,
nimwonyeshe huyo mpole nani mwenye nyumba.
Punje zikatumbukia kwenye mapengo, moja, ya pili.

Hapo ndipo nilipowakumbuka.
Samahani.