Vumbi wa Tano

Twalib, hii orodha yako ya maadui kumi bora
nimeisoma saa nane za usiku, feni ikilia kama bawaba,
na nimeona ulipomtia Vumbi.
Nambari saba.
Kwani ulimpima Vumbi yupi?

Yuko wa kitabuni, wa wino mtupu,
aliyekuja ndani ya begi la ami yako baharia
pamoja na sabuni za hoteli na redio isiyoshika kitu.
Kitabu chafunguliwa kwa nyuma, chaenda kutoka kulia.
Wakubwa kiliwatatiza.
Sisi wa chuoni tulikishika kama juzuu,
kidole kikaenda chenyewe.
Hatukujua hata herufi moja,
lakini huzuni yake tuliijua: mchoraji
hakumpa macho mpaka ukurasa wa tisini.
Huyo alichoma mji mzima
kisha akarudi kuokota kiatu cha mtoto.

Wa katuni ya kwanza kazi yake ni kucheka.
Acheka akija, acheka akipigwa,
na kiatu hakimo. Labda walikiona chapoteza wakati.
Ndugu yangu Lali alimpenda huyo
kwa sababu taa ikizimwa hamfuati mtu kitandani.

Wa toleo jipya ana nywele za tangazo la shampuu
na kila ubaya wake una risiti:
mama alikufa, kijiji kilimkataa, mvua ilinyesha.
Mwisho stelingi amkumbatia.
Mimi sikulia. Nilijihisi
kama mwenye duka aliyelipwa deni la miaka kwa noti bandia.

Wa ile filamu ya watu halisi tumsitiri.
Lile wigi, Twalib.

Lakini wa tano humtaji,
na ulikaa naye kreti moja, Majengo,
banda la video, shilingi kumi, mlango wa gunia.
Mselem na maikrofoni yake iliyovishwa soksi
akifasiri lugha asiyoijua
kwa kutazama midomo.
Jina Vumbi alilitoa yeye; lile lenyewe lilimshinda.
Akampa na sauti ya mwenye nyumba tarehe tano:
"Mwanangu, mji huu nalikwambia uhame."
Na pale juu ya paa, kabla ya pigano la mwisho,
Vumbi anaposimama dakika nzima kinywa kimefumbwa,
Mselem hakukistahimili kimya. Akakohoa, akatoa:

*Nilipojenga ukuta, mliniita hodari,*
*Na nilipoomba kata, mkasema nisubiri,*
*Leo moto nauleta, ndipo mwaja na uturi,*
*Kingeni sasa makata, mnywe na nyinyi majivu.*

Hata muuza njugu aliacha kutikisa mkebe.
Kesho yake stelingi hakupata mtu wa kumwigiza,
sote tulikuwa Vumbi, uwanja mzima, tukigombea paa.

Mwaka jana niliipata ile ya asili, safi,
maandishi yakipita chini.
Nikaingoja paa. Likaja.
Upepo. Upindo wa joho. Ndege mmoja.
Chini hapakuandikwa kitu.
Sikatai, ni kimya kilichotengenezwa na bingwa,
kila sekunde imepimwa kwa mizani ya sonara.
Lakini nilikuwa peke yangu, Tudor, chumba cha juu,
na nilipozinduka midomo yangu ilikuwa imeshafika "uturi".

Nikamtafuta Mselem.
Siku hizi atengeneza simu Mwembe Tayari,
miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.
"Vumbi gani?" akasema. "Maadui walikuwa wengi,
na beti nilikuwa nikizitupa kama maganda."
Hakuna kanda. Banda lilivunjwa.
Basi nikamsomea palepale kauntani,
wateja wakisikiza, yeye na bisibisi mdomoni.
Aliinamisha kichwa mpaka nikamaliza.

"Aliyetunga amerudia kata," akasema.
Akafungua simu ya mtu, akaipuliza ndani,
akaifunga bila kuigusa.
"Lakini huyo bwana...
maji, kweli, walimnyima?"