Moja Hadi Ishirini

Jumamosi saa nne asubuhi, Walsall,
nyuma ya kiwanda kilichofungwa cha matandiko ya farasi,
nimesimama na chupa ya chai,
daftari ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua,
nawapa watoto wa watu namba.

Moja hadi ishirini. Kazi hii haina mshahara:
wenye mchezo wa kompyuta hukutumia nakala moja bure,
na jina lako hupita mwishoni kwa herufi ndogo,
kama la mtu aliyechangia sukari msibani.

Kasi, kumi na nne.
Pasi fupi, tisa.
Kuruka, saba, mifupa bado haijaamua.
Mguu wa kushoto upo, lakini kama mkwe:
hautumwi ila kwa dharura.
Kipa, Harvinder Sahota, anafoka kwa Kiingereza
na kusali kwa Kipunjabi. Mawasiliano, kumi na saba.
Hayo nayaweza. Hayo yanaonekana
hata kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku ghalani
na kope zimemwota mchanga.

Ila kuna safu imeandikwa Ari.
Ari hupimwa kwa kibaba gani?
Ellis Pargeter, miaka kumi na sita, winga wa kulia,
alikatwa kifundo dakika ya tatu,
akainuka, akapandisha soksi,
akamwomba radhi yeye aliyemkata!
Nikaandika kumi na mbili. Nikafuta. Kumi na tano.
Nikafuta tena, karatasi ikatoboka.

Na kuna safu ya mwisho, ya siri,
mchezaji haioni, kompyuta inaijua:
mtoto huyu atafika wapi. Kwa mia mbili.
Ukiandika mia na kumi, umemwezekea dari.
Sebuleni kwa watu wasiomjua, Toronto, Osaka, Tanga,
hatapita hapo hata akifundishwa na malaika.
Waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo
hawakuiona safu hii.

Nilimpa mia na arobaini na nane.
Sababu? Mpira ulishuka kutoka mawinguni umelowa, mzito,
akaupokea kwa paja, ukatulia
kama paka aliyeitwa jina lake.
Mara moja tu. Mechi nzima, mara moja.
Mtu huoa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Usiku wa mapumziko nilimsajili mwenyewe.
Ndani ya kompyuta yangu sasa ni mwaka 2039:
Pargeter ana mechi sitini na moja za timu ya taifa,
goti limeanza kulalamika,
amenunua nyumba Ureno, hivyo naamini,
ingawa mchezo haukusema.
Mwanakombo ananikuta saa tisa usiku
nimesimama, nampigia makofi.
"Nani kafunga?" Namjibu, "Kijana wetu."
Anarudi kulala. Hatuna kijana.

Mei klabu ilimwandikia barua ya mistari minne.
Nilisikia kwa baba yake Harvinder, uzioni.

Oktoba, lifti imeharibika, mlango unagongwa.
Kizibao cha rangi ya chungwa, kifurushi cha pasi ya umeme.
"Weka sahihi hapa, kwa kidole."
Mimi najua kuruka kwake, najua pasi zake fupi,
nimemtoboa karatasi kwa kusitasita,
yeye hata jina langu amelisoma kombo.
Nilitaka kumwambia habari za Ureno.
Nikasema, "Asante, mvua leo."
Akasema, "Kila siku," akacheka,
akashuka ghorofa nne, ngazi mbili mbili.
Nilisikiliza mpaka chini.
Kasi: bado kumi na nne. Labda na nusu,
ingawa nusu haziruhusiwi.

Chai haijapoa, simu ikalia:
mpe alama aliyekuletea mzigo,
nyota moja hadi tano.
Nikatafuta mahali pa kueleza lile paja,
ule mpira wa mvua.
Hapakuwa na safu.
Nikabonyeza tano, nikaizima,
nikachomeka pasi mpya ukutani, nione kama inawaka.