Rangi ya Jogoo wa Subilaga

Kitabu cha taarifa kina mistari minne:
mali iliyopotea, thamani, rangi, alama nyingine.
Nikaandika jogoo. Nikaandika elfu thelathini.
Nikauliza rangi, kalamu imeshainama
kwenye herufi M ya mweusi,
maana jirani yake alishanitangulizia habari.

Subilaga Mwakalobo akavua mtandio,
akaukamulia nje ya dirisha
(Tukuyu, mwezi wa nne: mvua hainyeshi, inakaa,
kama mgeni aliyekuja na mkeka wake),
akasema, Afande, usiandike mweusi.

Mwekundu?
Hapana.
Wa kijani?
Shingoni, akigeuka kushoto.
Akigeuka kulia, zambarau.
Akiwika, koo likivimba, panapita kitu
kama shaba, halafu buluu, halafu basi.
Ndani ya nyumba ni mweusi, sikatai.
Lakini hakuibiwa ndani. Kaibiwa juani,
Jumapili, sisi tuko kanisani.

Mimi ni mtu wa Ifunda, wa baridi kavu na vumbi,
na Kiswahili nilikifaulu.
Najua rangi zetu zinazovaa ngeli ni tatu tu:
koti jeusi, kuta nyeupe, udongo mwekundu.
Zilizobaki zimekopa.
Kijivu kaidai jikoni, kwenye jivu.
Kahawia, nenda Mbozi ukaulize kahawa.
Manjano aling'olewa na mzizi wake, udongo bado unamwagika.
Kila deni lina mwenyewe, ukibisha hodi anatoka.
Hii ya jogoo, imekopa kwa nani?

Nikajaribu.
Anayemetameta? Hata bati jipya lametameta, mama, hata jasho.
Mwenye kimeta? Huo ugonjwa. Bwana mifugo
angefunga mnada kabla sijamaliza sentensi.
Kigeugeu?
Akakunja uso: Kigeugeu ni shemeji yangu.
Jogoo huyu hajanidanganya saa hata siku moja.
Rangi mbalimbali, basi.
Hana madoa, afande. Zote zimekaa mahali pamoja,
zinapokezana.

Akanishika mkono wa sare, jambo ambalo halifanywi,
akanitoa barazani.
Pikipiki ya Koplo Nyenza huvuja,
na chini yake, kwenye dimbwi, mafuta yalikuwa yamejitandaza
kama mtu aliyepata likizo.
Akachutama. Akaniamuru nichutame.
Hii, akasema.

Nikasogea hatua: pete ya kijani ikawa waridi.
Nikarudi: ikarudi.
Nikafumba jicho moja, nikafumbua.
Nusu ya rangi ile ilikuwa mimi, pale nilipokanyaga;
nikiondoka linabaki dimbwi chafu
na koplo asiyenunua spea.

Upinde wa mvua haukutokea siku ile, nisiwadanganye.
Ukungu ulimfunika Rungwe hadi kiunoni.
Lakini jina lake lilikuwepo, nikalikopa.
Nikakata M. Nikaandika:
*wa rangi ya upinde wa mvua.*
Nikaitazama hiyo -a ndogo ya katikati,
jogoo wa, shingo ya, koo la, manyoya ya,
nayo hugeuza shingo
kutegemea nani amesimama mbele yake.

Mkuu wa kituo alisoma akacheka hadi kofia ikadondoka.

Alhamisi, soko la Kiwira, kijana mmoja,
tenga moja, majogoo kumi na mmoja,
weusi tii kama masufuria ya msibani.
Mawingu yakaachia kidogo.
Nikasema, watoe nje, mmoja mmoja.

Wa kwanza akawaka shingo, kijani.
Nikamkamata kijana.
Wa pili akawaka.
Wa tatu, zambarau na shaba.
Wa nne, wa tano... nikaacha kuhesabu,
nikamwachia kijana mkono.
Wote kumi na mmoja, jamani.
Miaka thelathini na minne nimekula kuku
na sijapata kumtazama hata mmoja.

Subilaga hakutazama shingo ya yeyote.
Alisimama nyuma ya magunia ya viazi
akaita, taratibu, kama anayeita mtoto mezani:
Ndagha, Ndagha.
Mmoja akaruka tenga.

Usiku, kwenye mstari wa nne,
alama nyingine,
nilijaza: huitika.